Moja Kila Ijumaa

Winnipeg, Kanada
24 Februari 2008

Baba mpendwa,

Nakusalimu wewe na Mama. Mimi ni mzima, ni baridi tu inayonitafuna masikio. Mgongo wako waendeleaje? Na presha ya Mama? Simu yako haipatikani tangu mwaka mpya, na barua yangu ya Januari sijui kama ilifika.

Kwenye televisheni ya huku nimeona Eldoret ikiwaka baada ya uchaguzi. Nimeona Yamumbi, Baba. Wanyoike hajibu. Ujumbe wake wa mwisho ni wa tarehe ishirini na tisa Disemba: alisema amemaliza kufunga paketi sitini za Gorogoro yetu, kila sidii ya kompyuta ndani ya bahasha ya mbegu kama ulivyotufundisha, na kwamba shule zikifunguliwa atazipeleka Ainabkoi. Baada ya hapo, kimya.

Unakumbuka siku niliyomleta nyumbani kutoka chuo, tukakueleza kwamba tumeandika Gorogoro, programu ya kufanya hesabu, na tunaigawa bure? Ulimwangalia ukasema, "Mkikuyu anagawa kitu bure? Mpelekeni hospitali, ameanza kuugua." Alicheka mpaka akamwaga chai ya Mama.

Tafadhali mtafute. Anza kwa mama yake, Nyaguthii.

Binti yako,
Christabel Aloo


Langas, Eldoret
28 Machi 2008

Kwa Aloo, binti yangu na mama yangu,

Ulipewa jina la marehemu mama yangu, kwa hivyo nikikuandikia navua kofia kwanza. Sasa nimevua, kichwa kinapigwa na upepo, andika majibu upesi.

Sisi tuko. Hiyo ndiyo salamu ya hapa siku hizi. Mtu haulizwi kama ni mzima, anaulizwa kama yuko. Mgongo wangu unauma kwa bidii, ungekuwa mfanyakazi ningeupandisha cheo. Presha ya Rosebella inapanda na kushuka kama bei ya mahindi. Simu yangu ilianguka kwenye mbio za Januari, na aliyeiokota hajarudi kuniuliza namba ya siri. Sitaki nyingine. Simu humkatiza mzee akifika penye utamu, karatasi huvumilia.

Sasa Wanyoike. Nilienda Showground, pale waliochomewa wanakaa kwenye mahema meupe, safu kwa safu kama mahindi ya mzungu. Nikampata Nyaguthii. Alinimiminia chai kwenye kifuniko cha thamosi, yeye akanywa kwenye thamosi yenyewe. Mtoto wake hajamwona tangu ile Jumatatu ya mwisho wa mwaka. Nilipita Yamumbi pia. Nyumba yao haipo, lakini mlango upo. Umesimama peke yake na fremu yake, na kufuli juu, umefunga upepo. Nilicheka, Aloo. Unisamehe. Nilicheka mpaka nikakaa chini.

Hizo paketi sitini, sina habari nazo.

Baba yako,
Jeconia Odera


Winnipeg
11 Mei 2008

Baba mpendwa,

Natumaini barua hii itakukuta umekaa vizuri, mgongo umeegemea kitu. Mpe Mama pole.

Nimeisoma barua yako mara nyingi, hasa pale pa mlango.

Profesa wangu amekubali Gorogoro iwe kazi yangu hapa, na wafadhili wametoa pesa mpaka mwanzo wa mwaka ujao. Lakini wana swali moja: mtajuaje kama imefaulu? Kitu kinachogawiwa bure hakina mauzo. Basi tumeweka kipimo. Mtu akiipakua kutoka mtandaoni na kuifungua mara ya kwanza, inamuuliza, "Uko mji gani?" Akiandika, jibu linanifikia, na hesabu inawekwa, pamoja na siku na saa, kwenye ukurasa ambao mtu yeyote anaweza kuusoma. Wiki iliyopita: Nairobi tatu, Kisumu moja, Bangalore kumi na moja. Eldoret, ilikozaliwa, sufuri. Wiki ya sita sasa. Kila Jumatatu naanza na mstari wa Eldoret, na kila Jumatatu ni sufuri.

Tena wengi wanaipakua na kushindwa kuifungua, kwa sababu inadai programu nyingine tano ziwekwe kwanza. Fundi wa kufunga alikuwa Wanyoike, mimi ni wa hesabu tu. Kila Ijumaa saa kumi alikuwa anaenda ile saiba ya Jeruto, lile duka la intaneti nyuma ya posta, anakaa kwenye kompyuta ambayo haijawahi kuiona Gorogoro, anaipakua kama mgeni kabisa. Alisema aliyefunga mzigo hajui kama unafunguka mpaka aufungue kwa mikono ya mtu mwingine.

Nikiweza kuona Eldoret moja tu, Baba, nitalala.

Binti yako,
Christabel


Langas
20 Juni 2008

Aloo mama,

Nimeegemea ukuta wa jikoni ninapoandika, na Rosebella anaupiga ufagio upande wa pili makusudi. Kwa hivyo ujue tuko. Wewe kula. Baridi ya huko, nasikia, inapenda watu wembamba.

Umenikumbusha ghala. Miaka ishirini na sita nimefunga mbegu, kilo mbili kilo mbili, mpaka nikawa naota nikipima. Mwaka fulani wakubwa walitaka kujua kama mbegu mpya imefaulu. Wakahesabu paketi zilizotoka mlangoni: elfu arobaini! Wakachinja ng'ombe, wakavaa tai, wakapigwa picha. Mimi nikatumwa na lori mpaka Ainabkoi kupeleka nyingine. Nikakuta nini? Watu wameipika githeri, mahindi kwa maharagwe. Maelezo yaliandikwa kwa Kiingereza, na ile dawa nyekundu ya kuzuia wadudu walidhani ni rangi ya kupendeza. Waliharisha kuanzia wazee wa kanisa kushuka chini. Lakini kwenye vitabu vya ghala, elfu arobaini. Kutoka ghalani si kuota, mwanangu.

Halafu nyinyi wasomi mkaita kitu chenu Gorogoro bila kuangalia chini yake. Nenda soko lolote hapa. Mama anakupimia mahindi kwa gorogoro, ule mkebe wa kilo mbili, anajaza mpaka kichuguu kinasimama juu, wewe unatabasamu. Ugeuze huo mkebe. Kitako kimepigwa nyundo kikaingia ndani. Mkebe unajaa upesi, sufuria ndiyo haijai. Kabla ya kufurahia kilichojaa, geuza mkebe.

Nimemaliza kuhubiri, sadaka ni hiari.

Lakini hiyo sufuri imeniudhi. Mji mzima wa wasomi na wakimbiaji, sufuri? Ngoja tu.

Baba yako,
Jeconia


Winnipeg
7 Septemba 2008

Baba,

Salamu zangu leo ni fupi, najua uko na Mama yuko. Kaa chini kwanza.

Wanyoike yuko hai.

Eldoret: moja. Nilidhani ni mwanafunzi fulani. Wiki iliyofuata, moja. Sasa ni Ijumaa kumi na moja mfululizo, saa kumi na dakika chache, moja. Haijawahi kuwa mbili, haijawahi kuwa Alhamisi. Mtu anaipakua, anaifungua, anaandika Eldoret, anaondoka. Nani mwingine duniani anafungua kitu kile kile kila wiki kama hajawahi kukiona?

Hataki kujulikana. Labda anaogopa bado, labda ana hasira na sisi sote, na ana haki. Sitamsukuma. Ananiambia yuko kwa njia anayoiweza.

Nimekula ugali leo, Baba, nimeusonga mwenyewe kwa unga wa Wameksiko. Na nimemwandikia Nyaguthii kupitia kanisa lao. Mama hawezi kuachwa bila kujua.

Binti yako mwenye furaha,
Aloo


Langas
17 Oktoba 2008

Aloo,

Tuko. Mgongo uko.

Sikiliza mzee wako. Mtu akiona moshi kwa jirani haweki meza, pengine jirani anachoma takataka. Hiyo moja inaweza kuwa mtu yeyote. Inaweza kuwa mwalimu msahaulifu. Inaweza kuwa mwehu, mji huu haujapungukiwa.

Usimwandikie Nyaguthii tena. Nakuomba kwa kofia mkononi.

Nilikuambia kuhusu mkebe. Soma tena barua ile.

Baba yako,
Jeconia


Winnipeg
25 Januari 2009

Baba mpendwa,

Heri ya mwaka mpya, ingawa kwetu sijui kama maneno hayo bado yana heri. Mama anatumia dawa zake? Barua yako ya Oktoba ilikuwa fupi mno, nikahofia mgongo. Najua unaogopa nisije nikaumia. Lakini Ijumaa hazijakatika, hata ile ya wiki ya Krismasi.

Wafadhili walikutana. Kwa kipimo chao Gorogoro imeanguka, watu ni wachache na Bangalore wenyewe wamehamia nyingine. Wakaniuliza, je, kuna hata mtu mmoja atakayeumia ikifungwa? Nikasema yuko mmoja, Eldoret. Mwanamume mmoja alicheka. Profesa aliinamisha kichwa. Wametupa mpaka mwisho wa Machi. Nimesimamisha masomo yangu mengine yote ili niitengeneze ifunguke kwa urahisi, kama Wanyoike alivyotaka.

Siwezi kungoja tena. Toleo la wiki hii lina ujumbe. Yeyote atakayeandika Eldoret ataona maneno haya: "W., kama ni wewe, andika jina la ng'ombe wa mama yako." Alikuwa akimtaja kila siku, yule ng'ombe. Hakuna mwingine anayejua.

Na wewe, Baba, nifanyie hili moja. Nenda kwa Jeruto Ijumaa saa kumi, ukae mlangoni. Usimwambie kitu. Mwangalie tu anayekaa, kisha uniandikie amekonda kiasi gani.

Binti yako,
Christabel


Langas
13 Machi 2009

Aloo, binti yangu na mama yangu,

Kofia iko chini leo, siyo mkononi.

Nilikaa mlangoni kwa Jeruto kama ulivyoagiza. Nikaangalia. Saa kumi aliingia mzee mmoja na koti la ghala, mgongo umepinda kama ndoano. Akakaa kiti cha tatu. Jeruto akampakulia, akamfungulia, akamwandikia Eldoret, kwa sababu vidole vya huyo mzee vimezoea gunia. Umeuliza amekonda kiasi gani. Amekonda vizuri tu.

Ni mimi. Ijumaa zote thelathini na nane ni mimi.

Ulisema ukiona moja utalala. Nikasema, moja ni kitu gani, hata mimi ninayo. Nikachagua Ijumaa saa kumi ili kile kiti cha Wanyoike kisipoe. Sikufikiri mbali. Mzee hafikiri mbali, hana mbali. Halafu ikaja barua yako ya furaha, umekula ugali. Nikashindwa kukutoa ugali mdomoni. Nikasema wiki moja zaidi. Na nyingine.

Umemwandikia Nyaguthii. Unajua alifanya nini? Tangu mwezi wa kumi anatoka kwenye hema kila Ijumaa, anasimama nje ya posta na thamosi na vikombe viwili. Napita mbele yake nikiingia. Namsalimu, Aloo. Namwuliza habari ya baridi.

Jeruto aliponisomea ujumbe wako wa ng'ombe, nilijua la kufanya. Nyaguthii huyo yuko nje, namwuliza tu kwa mzaha, mama, yule ng'ombe wako alikuwa anaitwa nani? Analitaja, narudi ndani, Jeruto anaandika, na wewe unakuwa na mtu aliye hai mpaka nife. Nilitoka. Nikafungua mdomo. Yeye akaniwahi: "Mzee, umemwona humo ndani?" Nikaufunga mdomo. Ijumaa zilizofuata tuliandika Eldoret tu, ng'ombe tukamwacha.

Ningeweza kuishia hapa nikawa mzee mjinga tu. Hapana.

Ile Jumatatu ya mwisho wa mwaka, saa nane mchana, jua kali, Wanyoike alikuja Langas. Alikuja kwangu. Vijana walikuwa wamepita asubuhi nyumba kwa nyumba, wakasema atakayeficha Mkikuyu ataungua pamoja naye. Nilikuwa nimesimama nyuma ya mlango, mkono kwenye komeo. Akabisha. Akasema, "Mzee Odera, ni mimi." Hakupiga kelele, unajua sauti yake. Rosebella akaninong'oneza, "Fungua." Akasema mara tatu. Akashika mkono wangu, nikaukaza. Wanyoike akabisha tena. Halafu akasema, "Basi nimekuachia mzigo hapa, Mzee, usinyeshewe." Nikasikia viatu vikienda.

Jioni nilifungua. Katoni ilikuwa mlangoni. Paketi sitini, zimeshonwa mdomo vizuri kuliko nilivyomfundisha. Ziko chini ya kitanda. Nimelala juu yake mwaka na miezi miwili.

Nyaguthii siku ile ya Showground aliniambia, "Alisema anakimbilia kwako." Nikamjibu hakufika. Nikanywa chai yake.

Mama yako haniongeleshi, ananiwekea chakula na kuondoka. Ule ufagio niliokuandikia haukuwa mzaha. Angejua kuandika ungekuwa umejua kitambo.

Nilikwambia ugeuze mkebe. Kitako ni baba yako.

Jeconia


Langas
10 Julai 2009

Aloo,

Natumaini uko. Sisi tuko, kila mtu chumba chake.

Barua yangu ya Machi nadhani ilifika, posta hawapotezi barua za aina hiyo. Sikulazimishi. Naandika kukujulisha tu.

Nilimwambia Nyaguthii. Nilimwambia pale pale nje ya posta, nimesimama. Hakupiga kelele. Alifunga kifuniko cha thamosi, akakikaza, akakikaza tena, akaondoka. Ijumaa iliyofuata hakuja, wala nyingine. Jina la ng'ombe sikulijua.

Paketi sitini nimezipeleka Ainabkoi, kwa mwalimu mmoja anaitwa Amos. Nilikataa kuketi mpaka azipokee kwa mikono miwili. Alishukuru sana. Shule haina kompyuta, lakini alisema serikali imeahidi, na serikali ikiahidi, eh. Nilirudi mwezi uliofuata kuangalia. Unakumbuka nilikuambia kutoka ghalani si kuota? Nilizikuta kwenye shamba la shule. Watoto wametundika zile sidii kwa nyuzi juu ya mtama, zinazunguka na kumulika jua, na ndege hawatui hata mmoja. Mwalimu aliona aibu, akataka kuwachapa. Nikamzuia.

Kwa hivyo waambie wafadhili kwamba zimetoka sitini na zinatumika sitini. Hata ndege wanaogopa hesabu.

Nilitaka ucheke. Andika hata neno moja.

Baba yako,
Jeconia


Langas
4 Disemba 2009

Aloo mama,

Nimeanza na salamu mara mbili nikazikata. Sijui tena nikuulize habari ya nini.

Bado naenda mjini Ijumaa, kufungua sanduku la barua. Likiwa tupu, na huwa tupu, napita kwa Jeruto. Sipakui kitu, niliacha siku niliyokuandikia. Namwomba tu anifungulie ule ukurasa wako wa hesabu. Naona hujauondoa, umeuacha kama shamba lisilo na mwenyewe. Ananisomea mstari wetu. Eldoret, sufuri. Nasema asante, naenda nyumbani. Miezi minane, Jeruto anasoma, mimi nasema asante.

Wiki jana akasoma, "Eldoret, moja."

Nikamwambia arudie. Akarudia. Ijumaa iliyotangulia, saa kumi na dakika chache.

Mungu anisamehe, sikumfikiria Wanyoike kwanza. Nilikufikiria wewe. Nilisema, Aloo amekaa huko kwenye barafu, barua imemshinda, akaandika Eldoret ili mzee wake ajue. Miguu yangu ilipata nguvu ya kijana. Nikamwuliza, "Jeruto mwanangu, hii moja ni ya nani?"

Yeye akachukua kitambaa, akaanza kupangusa vile vitufe, kimoja kimoja, ambavyo alikuwa amevipangusa nikiingia. Akasema bila kuniangalia, "Mzee, mimi nitajuaje? Ni mtu tu."

Sauti hiyo naijua. Mwaka mzima nimeitumia mimi.

Leo nimetoka huko sasa hivi. Sanduku, tupu. Jeruto akafungua ukurasa, akasoma, "Moja tena, Mzee." Akaniangalia kama ninavyokumbuka kuangaliwa na watu wema. Nikatabasamu. Nikamwambia, "Unaona? Eldoret haijafa."

Sikuugeuza mkebe.

Baba yako,
Jeconia